Sultani na Wabebaji Wake

Hapo zamani, wakubwa walipokuwa hawajazoea kuchorwa, alitawala Sultani Chande katika mji wa Mwambani. Desturi ya huko, Sultani hatembei siku ya Ijumaa; hubebwa kwa machela na wazee wanane wa chama chake, Kilemba Chekundu. Wakimchoka hawasemi neno, hawatokei tu.

Basi palikuwa na mchoraji fukara, jina lake Faki, achoraye ukutani kwa makaa, wala hakuwa hodari: watu waliwadhania mbuzi wake kuwa ni vigoda, naye akikubali kuwa ni vigoda, mradi apewe uji. Ijumaa moja akamchora Sultani ndani ya machela isiyo na wabebaji, miguu yake imetokeza chini, inakwenda mbio. Mji ukacheka mpaka askari wakaja.

"Wanizulia kwamba nimeachwa!" akafoka Sultani. "Ijumaa ijayo unichore pamoja na kila anibebaye, asizidi mtu wala asipungue. Ukikosea hata mmoja, mkono huo utakatwa."

Faki akarudi kwake, akautazama mkono wake wa kulia akausikitikia. "Ni wa ovyo," akajiambia, "lakini sina mwingine."

Ijumaa akaja na shuka jeupe, limechorwa Sultani peke yake.

"Wako wapi wabebaji wangu?"

"Uniwie radhi, Bwana wangu. Mimi hata nikitazama hukosea, seuze kukisia. Panda wakubebe, nami nitachora kila bega litakaloinuka."

Sultani akapanda. Waziri, wa kwanza katika wale wazee wanane, akasema mgongo wamuuma. Wa pili, goti. Wa tatu akakumbuka maziko, na alipoulizwa ni nani aliyekufa, akasema bado anaulizia. Waliobaki wakatazama mawingu. Jua likapanda, machela ikawa papo hapo chini, na Sultani akaona haya, hata Faki akamhurumia.

Basi Faki akashika ncha ya mti wa machela, akainua kwa nguvu zake zote. Sultani akabiringika mchangani. Faki akalikimbilia shuka, akachora mbebaji mmoja, mwembamba, magoti yamepinda.

"Huyu nani?" akauliza Sultani, mchanga umemjaa ndevuni.

"Ni mimi, Bwana. Chama chako chote ni mimi, nami sijala tangu jana."

Sultani akawatazama wazee wake, kisha akacheka hata machozi yakamtoka. Askari mwenye upanga akasogea, akauliza, "Basi Bwana, mkono niukate?"

"Mpumbavu wee!" akasema Sultani. "Nimebakiwa na mtu mmoja, nawe wataka kumpunguza?"