Aliyestahili Kushuka Kisimani

Hapo zamani, katika nchi ya Waturuki, chini ya kisima kikavu, aliishi Shahmarani, nusu mwanamke, nusu nyoka. Jina ni la Kiajemi: shah ni mfalme, maran ni nyoka. Waturuki hutamka Shahmeran.

Danyari, mpasua kuni, alitumbukia humo akavunjika mguu. Shahmarani akamlisha, akamuuguza, akapona. Kabla ya kumpandisha juu, akamwapisha: "Usimwambie mtu. Tena jihadhari na maji. Aliyeniona, maji yakimgusa, mgongo hutoka magamba."

Danyari akaapa. Miaka saba hakuoga.

Kisha Sultani akaugua. Mganga akasema dawa ni nyama ya Shahmarani, na aliyemwona hujulikana kwa magamba mgongoni. Askari wakaenea mjini wakitafuta mwenye magamba.

Gulbahari, mama yake Danyari, hakujua lolote. Alijua aibu tu. "Mwanangu, hata mbuzi wanakupisha njia. Nani atakubali kuolewa nawe?" Akamvuta hadi mlango wa hamamu, nyumba ya kuogea ya mji. Danyari akagoma kuingia. Mama akammwagia ndoo ya maji pale pale.

Shati likamganda mgongoni. Rustemu, mkandaji wa hamamu, akacheka: "Jamani, njooni. Danyari kawa samaki."

Askari wakasikia. Kwa kiboko cha tatu, Danyari akaonyesha kisima.

Shahmarani alipopandishwa hakulaani. Aliwaambia Danyari, mama yake na Rustemu: "Wanangu nyoka wasijue nimekufa, wataumaliza mji. Kila mwaka mmoja wenu ashuke, awatazame machoni, awaambie mama yao yu mzima."

Akachinjwa. Sultani akapona. Hadi leo huko humchora kwenye kioo, na kumtundika nyumbani kwa bibi harusi, kana kwamba yu hai.

Mwaka ulipotimia, watatu hao wakasimama kando ya kisima, wameinamisha vichwa.

Rustemu akasema: "Nishuke mimi. Nilitaka watu wacheke tu. Na walicheka."

Gulbahari akasema: "Ndoo ilikuwa yangu. Niliona haya kwa harufu ya mwanangu. Sasa ananukia sabuni, nami siwezi kumkaribia."

Danyari akasema: "Nyinyi hamkujua. Mimi nilijua. Lakini wale nyoka wananijua kwa jina, mama. Watanikimbilia kwa furaha. Sitaweza kuwatazama."

"Mimi mama yako ulinificha," Gulbahari akajibu, "askari ukawaambia."



Kamba imekwisha kufungwa, na huko chini nyoka wameinua vichwa. Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili kushuka?