Mpira wa Msumarini

Kutoshea si kufaa. Mmenisikia nikisema hivyo mkacheka, eti mzee anakataa kipuri kilichoingia vizuri. Basi wekeni spana chini. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Palikuwa na fundi pikipiki huku kwetu Usambara, jina lake Mbelwa. Siku moja Shebughe, dereva wa bodaboda, alimletea pikipiki yake kubwa ikivuja breki ya nyuma. Ule mpira mfupi unaoshusha mafuta ya breki kutoka kwenye kikopo chake ulikuwa umepasuka. Mpira wake halisi ulikuwa haupatikani mpaka siku ya gulio, Alhamisi, na Shebughe hakutaka kulaza chombo. Mbelwa akakata kipande cha mpira wa dripu, ule unaoonyesha ndani, akauchomeka. Ukaingia barabara.

"Tena huu naona mafuta yakishuka!" Shebughe akafurahi.

"Ni wa kukufikisha Alhamisi tu," Mbelwa akamwambia, na alimaanisha.

Alhamisi Mbelwa akanunua mpira halisi, mweusi, mnene, wa mafuta ya breki hasa. Akautundika kwenye msumari ukutani. Shebughe alipopita, Mbelwa aliuchungulia ule wa dripu, akaona hautoi hata tone. Akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema vilevile. Kumbe mafuta ya breki yalikuwa yakiula mpira ule polepole, ukikauka na kuwa mgumu. Angeubinya kwa vidole viwili tu angejua. Hakuubinya. Kinachofanya kazi hatukigusi, ndivyo tulivyo mafundi, na mimi nimo.

Mwezi wa pili tangu hapo mvua zikaanza. Zaituni, mke wa Mbelwa, alitaka kwenda kumjulia hali mama yake bondeni. Mbelwa mwenyewe ndiye aliyemwita Shebughe, akampandisha mkewe, akamshikisha na kikapu cha ndizi.

"Mwendeshe taratibu," alisema.

Na Shebughe alikwenda taratibu. Lakini udongo wa njia ile ukilowa, breki ya mbele huangusha; tegemeo ni ya nyuma. Kwenye kona ya tatu akaikanyaga, mguu ukazama bila kushika kitu.

Zaituni alizikwa kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri.

Siku ya tatu Shebughe alikuja msibani, mkono umefungwa, akaketi mkekani mbele ya Mbelwa. Akatoa mfukoni kipande cha ule mpira wa dripu, sasa cha manjano, kimekatika kama njiti.

"Nisamehe, fundi. Lakini ulitoshea. Niliuona kwa macho yangu ukitoshea."

Mbelwa alikishika muda mrefu. Alikuwa hajalia tangu mazikoni, hapo akalia.

"Ulitoshea, mdogo wangu," akasema. "Ila haukufaa. Wewe hukujua. Mimi nilijua, na dawa yake nilikuwa nayo ukutani."

Waliokuwepo wakayabeba maneno hayo, yakafupishwa midomoni mwa watu mpaka yakawa methali. Mbelwa alirudi kazini, lakini ule mpira mweusi hakumfungia mtu. Ulikaa msumarini hadi alipokufa, nami niliyejifunza kazi mikononi mwake nikarithi karakana pamoja na msumari. Ndio huo, juu ya kichwa chako.

Sasa kifungue hicho kipuri ulichokiingiza. Kutoshea si kufaa.