Mkia wa Wimbo

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni zamani ya juzi hii, simu zimeshaingia kila nyumba, alikuwako Pangani mwimbaji wa taarabu, Bi Tufaha. Binti yake Raya aliondoka na mpiga kodiani wa kikundi cha mama, wakaenda kuoana Mwanza bila kuaga. Mama akanuna. Miaka ikapita, salamu hakuna.

Kaka yake Raya, Athumani, akabuni dawa. "Tutoe wimbo, mama. Wewe uimbe hapa, Raya aitikie kule kule Mwanza, na fundi Lukelo wa Iringa aziunganishe sauti kwenye kompyuta yake. Hamtaonana, lakini mtaimba pamoja."

Raya akatangulia kutuma kiitikio. Bi Tufaha akakaa mbele ya kabati la kanga lililo wazi, ili sauti isirudishwe na ukuta, akaimba kwenye simu ya Athumani. Alipomaliza, simu ingali inarekodi, akasema, "Raya mwanangu, nimekupa radhi zangu. Njoo nikuone." Akamgeukia Athumani. "Ukishatuma, futa. Sitaki sauti yangu izagae."

Athumani akatuma Iringa, akatuma Mwanza, akafuta. Lakini hakumwambia dada yake neno juu ya radhi ile. Aliona radhi ya mama ni tamu zaidi ikisikika kinywani mwa mama.

Raya akaipokea, akaogopa. Sauti ya mama peke yake, bila ala, angeiweza? Akaona bora angoje wimbo uliokamilika, na simu ilipojaa, akaifuta sauti ile bila kuisikiliza.

Lukelo akasikiliza mpaka mwisho. Aliposikia "Raya mwanangu" akaona haya, kama mtu aliyesimama dirishani kwa watu. Akaukata mkia ule, kama anavyokata vikohozi, akabakiza wimbo.

Wimbo ukatoka, mzuri ajabu. Raya akalia, akangoja mama amwite. Mama naye akangoja.

"Raya kasemaje?"

"Kasema wimbo mzuri."

"Basi?"

"Basi, mama."

Bi Tufaha hakuuliza tena. Vuli haikwisha, akafa, akiamini binti amemkataa.

Matangani, Athumani alipomuuliza Raya kwa nini hakuijibu radhi ya mama, ndipo maneno yale yalipojulikana. Majuto ni mjukuu, na huyu alizaliwa bibi keshaondoka.

"Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua umesikia. Nilikuletea mkononi, ukafuta."

Lukelo, aliyekuja kuzika, akasema, "Mimi nilikata nikijua dada anayo nzima. Maneno ya mama na mwana si ya fundi."

"Na mama je?" Raya akalia. "Simu si ilikuwepo? Angenipigia."

Shangazi yake akamtazama. "Na yako, mwanangu, ilikuwa wapi?"

Mimi nimewapima wote, na kila ninayemshika ananiliza. Semeni ninyi. Aliyenyamaza, aliyekata, aliyefuta, au yule aliyeiambia simu jambo la kumwambia mtu: je, nani aliyempeleka Bi Tufaha kaburini na uchungu ule?