Upanga wa Mkate na Ukoo wa Smith

— Hadithi yaja, ina njaa.
— Ilishe.
— Yaja, ina baridi.
— Isogeze motoni.
— Yaja, ina uongo kidogo.
— Tuongezee.

Basi hapo kale, kisiwani kwa Waingereza, kwenye mvua asubuhi, mvua mchana na mvua jioni, watu walikuwa na jina moja moja tu. Ukiita Yohana sokoni, wanageuka wanaume arobaini na mbwa mmoja.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Hilda. Mume wake wa kwanza alipelekwa vitani, vikarudi viatu vyake tu. Hilda akalia mwaka mzima, kisha akaolewa na Godriki, mwoka mikate, mtu mnene, mpole, anayekoroma. Hilda alimpenda na kukoroma kwake, maana anayekoroma yupo.

Siku moja mfalme akataka vita tena. Mfalme huyo alikuwa na farasi anayesema. Farasi akauliza, "Vita vya nini, bwana wangu?"

"Nitakumbuka tukifika."

Akamtuma karani na kitabu kikubwa, aandike kila mwanamume na kazi yake, na kazi hiyo iwe jina la ukoo wake, yeye na wanawe na wajukuu. Wote waende vitani isipokuwa wahunzi, ambao kwa lugha yao huitwa Smith. Hao wabaki wafue panga za vita.

Karani akagonga kwa Hilda. "Taja jina, taja kazi, onyesha mikono."

Godriki akafungua kinywa. Hilda akamkanyaga mguu. "Anaitwa Godriki, bwana karani. Ni mhunzi."

Karani akaitazama mikono. Ilijaa makovu ya moto wa tanuri toka viganjani mpaka viwikoni. Akaandika: Godriki Smith.

"Mke wangu," Godriki akasema baadaye, "mimi hata nyundo sijawahi kuishika."

"Utashika mkate, na utaushikia hapa hapa."

Habari kama hiyo haikai ndani. Akaja mchunga kondoo: "Shemeji Hilda, niazime tanuri niunguze mkono." Akaungua, akaruka, akaandikwa Smith. Akaja mshona viatu: "Shemeji Hilda, niazime tanuri." Akaungua, akaruka, akaandikwa Smith. Akaja mpiga kengele wa kanisa, naye akaungua, akaruka, akaandikwa Smith. Foleni ikazunguka kijiji, na kijiji cha pili kikawa njiani.

Na mhunzi wa kweli je? Mzee Wilfredi alivaa glavu za ngozi tangu ujana wake. Mikono yake ilikuwa laini kama ya bi harusi.

"Wewe, mhunzi?" karani akacheka. "Wewe utakuwa mwoka mikate." Akamwandika Baker, na kwa sababu ya uzee wake akamwacha nyumbani akinung'unika.

Mfalme akasoma kitabu. Smith, Smith, Smith. Akafurahi. "Kumbe nina wahunzi wengi hivi. Baada ya siku saba kila mmoja alete upanga. Asiyeleta atakwenda vitani, mstari wa mbele."

Hapo Hilda akaogopa kwelikweli. Aliviona vile viatu tena. Akaenda kwa Mzee Wilfredi, akampigia magoti awafulie panga.

"Mimi mwoka mikate, mwanangu," mzee akasema. "Kitabu kimesema."

Hilda akarudi, akakaa, akawaza. Kisha akainuka akakanda unga. Watu wa kijiji kizima wakaoka panga za mkate, ndefu, ngumu, wakazipaka masizi na mafuta zikang'aa. Siku ya saba wakazipeleka.

Mfalme akachukua mmoja, akapanda farasi, akaondoka.

Wakavuka mto. "Bwana wangu, jeshi liko wapi?"

"Liko nyuma."

Wakavuka msitu. "Bwana wangu, jeshi liko wapi?"

"Liko nyuma."

Wakapanda kilima. "Bwana wangu, mimi nyuma nauona mkia wangu tu."

Mfalme akageuka. Kweli, hapakuwa na mtu. Wahunzi wote walibaki nyumbani, kama alivyoamuru mwenyewe.

Ng'ambo ya kilima alisimama mfalme adui, naye peke yake. Kwake nako wahunzi walikuwa wamezidi.

Waliona aibu kurudi hivi hivi, wakapigana. Upanga wa mkate ukavunjika katikati. Mfalme adui akanusa.

"Huo ni wa ngano?"

"Nadhani."

"Sijala tangu jana."

Wakashuka, wakakaa majanini, wakaula upanga mpaka mpini. Vita vikaishia hapo.

Mfalme alirudi kwake. Lakini kitabu kiliandikwa kwa wino, na watu walioachwa hai huzaa. Wana wa Smith wakajaa kisiwa, kisha wakapanda meli wakajaa dunia. Godriki alikoroma miaka arobaini mingine. Kila alfajiri Hilda alimsikiliza kwanza, ndipo akawasha tanuri. Na viatu vya Godriki vilichakaa miguuni mwa Godriki mwenyewe.

Funzo lake ni hili: jina la ukoo si lazima liseme babu alifanya kazi gani. Pengine linasema jinsi alivyotaka kubaki nyumbani.

Basi mkikutana na Bwana Smith, msimpe nyundo, mpeni unga. Nami hadithi yangu nimeila mpaka mpini; aliyebaki na njaa akaoke yake.