Kibao cha Bwawani

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bwawa, na ukungu, na sisi wenye usingizi!
Basi fumbeni macho, masikio yaacheni wazi.

Zamani, kiangazi kilikausha mito yote, likabaki bwawa moja. Maji yake yalikuwa ya kijani, yametulia, na ukungu ukitembea juu yake taratibu. Ukilitazama sana, unasahau ulikokuwa unakwenda. Humo alikaa Kiboko, naye alilitaka lote peke yake.

Siku moja Kiboko akaokota kibao barabarani, kimeandikwa Kiingereza. Akakisimika ukingoni, ku! ku! ku! Akarudi majini, chubwi!

Akaja Pundamilia na kiu yake. Akakitazama kibao, akaitikia kwa kichwa. "Aa, kumbe! Nimeelewa." Akarudi na kiu yake.

Akaja Ngiri na kiu yake. Akakitazama kibao, akaitikia kwa kichwa. "Aa, kumbe! Wameandika vizuri." Akarudi na kiu yake.

Akaja Twiga naye, ikawa vilevile. Hakuna aliyejua hata herufi moja, lakini nani akubali kuonekana mshamba mbele ya wenzake?

Mwisho akaja Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Watoto wake watatu walilala mwambani, midomo imekauka, hata kulia hawawezi tena. Roho ilimuuma.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kibao hukioni?"

"Nakiona, Mzee. Ila nisomee basi, macho yangu mabovu."

Kiboko akakohoa. Akatazama mawingu. "Hayo mambo ya wasomi," akasema, akazama. Bu-bu-bu-bu.

"Ahaa!" Pimbi akajisemea. "Na huyu naye!"

Akatoka mbio, piti piti piti, hadi barabarani, akakokota kibao kingine chenye herufi nyekundu. Akakisimika kando ya kile cha kwanza, akawaita wanyama wote. Wakaja polepole ndani ya ukungu, kama watu wanaoota.

"Msomi wetu ni Mzee Kiboko," akasema Pimbi. "Mimi nabahatisha tu, nikikosea atanisahihisha. Kimeandikwa: Jua likizama, mwenye tumbo kubwa kuliko wote atoke majini, akale majani mbali, wengine wanywe. Sivyo, Mzee?"

Macho yote kwa Kiboko. Akikataa, ataambiwa asome mwenyewe.

"Ndivyo," akasema Kiboko kwa sauti ndogo. "Hata nukta hujakosea."

Jua likazama. Kiboko akatoka, tope likimchuruzika, akapotea majanini. Wanyama wakanywa, gubu gubu gubu. Pimbi akawashusha wanawe mmoja mmoja. Yule mdogo kabisa akanywa, akacheua, akacheka, na mama yake akalia kwa furaha.

Hadi leo Kiboko hushinda majini, na jioni hutoka kwenda kula majani, maana tangazo ni tangazo.

Hadithi yangu nimeiteka, mwenye kiu na anywe. Na funzo lake, wajukuu zangu: mkiona tangazo la Kiingereza, msiulize maana. Itikieni kwa kichwa, mpite.

"Bibi, kwani vile vibao viliandikwa nini hasa?"

Mimi nimefika pale. Nimesimama mbele ya vibao, nimevitazama vyote viwili, juu hadi chini.

"Enhe, vinasema nini?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi nyumbani.