Moto Mara Saba wa Rusimbi

Mwenye masikio na asikie, na mwenye akili aitayarishe hukumu yake. Penye chemchemi za maji ya chumvi waliishi watu watatu, na kila mmoja alipewa talanta yake. Nyanzobe, mjane, alipewa macho: aliyaona maji yanakokwenda na yanakolala. Yoramu, mwalimu wa watoto, alipewa kipimo: hakuliamini neno asilolipima mara tatu. Gwimo, mhunzi, shemeji yake Nyanzobe, alipewa mikono: chuma kilimtii kama mwana-kondoo.

Juu yao alikuwapo Rusimbi, msimamizi wa uchemshaji. Yeye alipewa sauti tu.

Kazi ya nchi ile ilikuwa kuchemsha maji ya chemchemi hadi yakauke, ibaki chumvi. Mwaka huo Rusimbi aliagiza karai la chuma lenye upana ule ule wa makarai ya zamani, lakini kina chake kilimfika mtu kifuani. Akaamuru lichochewe kwa kuni mara saba. "Moto mara saba, chumvi mara saba!" alinguruma. Miti ikaanguka, moshi ukaifunika nchi, na chumvi haikufika hata mara mbili. Rusimbi hakutubu. Alinyoosha kidole kuelekea msitu wa mwisho uliosalia, msitu wa makaburi, akasema mashoka yaingie.

Chini ya mininga ya msitu ule Nyanzobe alikuwa amewalaza wanawe wawili, waliochukuliwa na surua katika juma moja.

Hasira ilimpanda kama maji ya kisima kilichozibuliwa. Alikwenda barazani kwa mtwale, mkuu wa nchi, akasimama mbele ya watu wote. "Rusimbi! Mfalme wa Babeli naye alilichochea tanuru mara saba. Walioteketea ni watumishi wake mwenyewe!"

"Hayo ya kanisani, mama, hayachemshi maji," Rusimbi alimjibu. "Rudi ukalete kuni."

Watu wakacheka. Mtwale hakucheka. Aliinua mkono, akaapa: "Nawapa siku saba. Atakayeuokoa msitu huu, na chumvi isipungue, msitu ni wake, aufanyie apendalo." Ilikuwa nadhiri ya haraka, na nadhiri za haraka hudai damu.

Nyanzobe aliwaita Yoramu na Gwimo, akainama juu ya karai kabla halijachemka, mvuke ukimuunguza nyusi, akanyunyiza udongo mwekundu uliosagwa. Katikati, maji yalivurugana kama soko lililovamiwa na nyuki. Lakini chini kabisa, juu ya chuma chenyewe, udongo ulilala tuli katika utando wa maji mwembamba kuliko ukucha. "Tazameni," alisema. "Huku juu joto linakimbizwa. Pale chini linatambaa. Hapo ndipo moto wa Rusimbi unapokwama, kisha unatorokea pembeni."

Yoramu hakusema ndiyo. Alichukua vyungu vitatu vyenye matako sawa: cha kina cha shibiri moja, cha mbili, cha nne. Akavipa makaa sawasawa, akapima maji yaliyopungua. Kisha akaongeza makaa mara saba, akapima tena. Siku ya tatu alikuja na uso wa majivu. "Kina mara nne, mvuke ule ule. Makaa mara saba, mvuke mara mbili haufiki. Vyungu vyote vinasema neno moja, na karai litasema hilo hilo: kina si kitu, mlango ni utando."

"Umepima, mwalimu, au umeota?" Gwimo aliuliza.

"Nimepima mara tatu. Kuota nimewaachia wahunzi."

Gwimo akalipindua karai. Kwa siku tatu alilifua tako lake mpaka likaota matuta, kama shamba la viazi, ngozi ya viganja ikimbanduka. Juu ya matuta yale utando ulichanika, na joto likapata njia. Siku ya saba, kwa kuni mara mbili tu, karai lilitoa chumvi nyingi kuliko lilivyotoa kwa kuni mara saba.

"Bila moto wangu mngegundua nini?" Rusimbi alipaza sauti. "Msitu ni wangu!"

"Farao naye alichangia safari ya Kanaani," Nyanzobe alimjibu, "lakini hakugawiwa shamba." Safari hii watu walimcheka Rusimbi, na mtwale akamvua usimamizi.

Kisha mtwale akaweka shoka chini. "Mwenye msitu aliokote."

Yoramu akasema, "Paa la shule limeanguka. Watoto wanasoma wakinyeshewa. Nahitaji mininga ishirini."

Gwimo akasema, "Makarai ya zamani, kumi na mawili, bado yana matako laini. Bila makaa ya miti hii siwezi kuyafua, nayo yatakula misitu ya majirani. Makaburi ya wenzetu huko, shemeji, hayana mama?"

"Gwimo!" Nyanzobe alipiga kelele. "Nimeuokoa usikatwe na mwovu, ili uje kukatwa na wema?"

"Ugawanywe!" mtu alisema nyuma.

"Nadhiri haimegwi kama mkate," mtwale alijibu.

Nyanzobe alitafuta pa kuitupa hasira yake, asipaone. Mikono ile iliyobanduka ngozi ndiyo iliyowachimbia wanawe makaburi. Mwalimu yule ndiye aliyewafundisha kuandika majina yao.

Shoka bado liko chini, kati ya watatu. Aliyeona, aliyepima na aliyefua: ondoa mmoja, na msitu ungekuwa majivu. Basi nyinyi mliosikia, amueni kwa hofu, maana kila hukumu humrudia aliyeitoa: mngemwambia nani ainame aliokote?