Chati ya Kitanda cha Tisa

Mfikirieni mama mmoja, wapendwa, wa miaka arobaini na moja, aliyejiunga na chuo cha afya kusomea uuguzi. Darasani aliketi na watoto wa rika la kifungua mimba wake. Mtihani wa kemia ulikuwa umemtoa jasho mara mbili kabla hajakubaliwa chuoni. Shemeji zake walimcheka waziwazi. Yeye akashona sare, akaenda zake.

Mwaka wa mwisho wakapelekwa wodini kwa mazoezi. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha kusainiwa na sista mkuu wa wodi, na bila saini hiyo hakuna mtihani wa mwisho. Wodi ile ilikuwa na mazoea yake. Saa nne asubuhi, kabla daktari hajapita, chati zote ziwe zimejazwa: joto, presha, mapigo ya moyo. Wagonjwa arobaini, wanafunzi wanne, kipimo cha presha kimoja. Mnadhani walifanyaje? Walinakili namba za jana, wakapunguza mbili hapa, wakaongeza moja pale. Wenyewe walikuita huko kupika chati.

Mama huyu akapima. Saa nne ilipofika alikuwa amemaliza vitanda vinane.

"Jaza hizo zilizobaki," sista akamwambia.

"Sijawapima, sista."

"Nani amekuuliza kama umewapima? Daktari yuko mlangoni. Jaza, la sivyo kitabu chako sikisaini."

"Basi usikisaini. Siandiki mapigo ambayo sijayasikia."

Sista akamnyang'anya kalamu, akajaza mwenyewe. Daktari akaingia, akasoma chati ya kitanda cha tisa. "Mapigo sabini na nane. Safi sana. Huyu kesho aende nyumbani."

Mama hakusimama kusikiliza sifa. Alikuwa anaendelea na kazi yake, na sasa ameshika kifundo cha mkono cha mzee wa kitanda hicho cha tisa.

"Daktari," akasema, "huyu mzee amefariki. Ameshapoa."

Mngependa niwaambie kwamba sista aliona aibu akasaini? Hakusaini. Mama alirudia wodi ile miezi mitatu, na kila asubuhi alipima. Nikiugua mimi, namtaka huyo.

Sasa tuje kwetu, maana tunapenda sana kuwasema manesi. Mkononi nina karatasi ya kamati yetu ya kutembelea wagonjwa. Nimeombwa niisome kabla ya sadaka, kama kila Jumapili. Inasema wagonjwa wetu kumi na mmoja wanaendelea vizuri, na wanawasalimu. Nani kati yetu amepokea salamu hizo? Jana nilikwenda kwa mmoja wao, yule mama anayepanga nyuma ya mashine ya kusaga. Mlango una kufuli. Jirani akaniambia walimzika Jumanne. Jeneza lake lilibebwa na wapangaji wenzake, na sisi hatukuwapo hata mmoja.

Nimekasirika, na nimejikasirikia mimi kwanza, kwa sababu Jumapili iliyopita niliisoma karatasi kama hii na nikatabasamu.

Leo siisomi. Anayeona nimekosea amwandikie askofu. Majina kumi yaliyobaki yako mezani hapo mbele. Hatuimbi wimbo wa kufunga mpaka kila jina limepata mtu wa kwenda kugonga mlango wa mgonjwa huyo leo hii.